Wote Husema Maji

Subira huvuta kutu. Najua umefundishwa vingine. Hata mimi nilifundishwa vingine, tena na Mama mwenyewe, ambaye subira aliitumia kama dawa ya kila kitu, kuanzia sufuria isiyochemka hadi mchumba asiyepiga simu. Lakini aliyesema subira huvuta heri hakuwahi kufungua laptop iliyomwagikiwa kitu, ikawekwa kabatini ikauke yenyewe. Haikauki. Yanayokauka ni maji; kilichokuwa ndani ya maji kinabaki, kinakaa juu ya shaba na kuitafuna taratibu, kama panya mwenye adabu.

Jambo la pili ninalolijua kwa hakika: wateja wote husema maji.

"Kilimwagika nini?" nauliza, kalamu mkononi.

"Maji tu, fundi. Tone moja."

Nafungua, nakuta maziwa ya mtoto. Nakuta bia. Nakuta soda iliyogandisha vitufe kama gundi. Mara moja nilikuta mchuzi, na mwenye mali akaapa kwamba ni maji, huku kipande cha kitunguu kikitutazama sote wawili. Siwabishii. Naandika "maji" kwenye karatasi, naibandika juu ya mashine, kisha natibu kile nilichokiona. Mtu akikuletea aibu yake imefungwa, si lazima uifungue mbele yake.

Chumba changu cha kazi kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Kina meza moja, taa yenye shingo ndefu, hadubini niliyoinunua ikiwa kuukuu, na viti viwili. Kimoja changu. Cha pili kilikuwa cha wateja, ila wateja hawakai, wanasimama mlangoni kama waliofuatwa na deni. Basi nimekijaza bodi za laptop zilizokufa, ninazozinyofoa vipuri. Nalala chumba cha nyuma. Stashahada yangu iko ukutani, imening'inia upande, na hakuna wa kuniambia kwamba imekaa upande. Chuoni walitufundisha mashine hii iitwe kipakatalishi, na neno nalipenda, lina mbio zake. Lakini mteja ukimwambia kipakatalishi chake kimekufa anadhani umemtukana, kwa hiyo nasema laptop, neno zuri nabaki nalo mwenyewe, pamoja na mengine mengi nisiyo na wa kumwambia.

Siku mbaya ni Jumapili. Duka la magodoro linafungwa, ngazi zinanyamaza. Dirisha la jirani liko wazi, na nasikia vijiko vikigonga sahani, na watu wakigombania kipande cha mwisho. Nami nilikuwa na mahali pa kwenda Jumapili. Kwa miezi saba sikuwa napo.

Jumamosi moja asubuhi nikasikia hatua nzito ngazini.

"Hodi! Hospitali imefunguliwa?"

Alikuwa Shemeji, mume wa dada yangu, mtu anayeanza kucheka kabla mzaha wenyewe haujafika. Kifuani amekumbatia mfuko wa mchele.

"Karibu, Shemeji. Mgonjwa nani?"

"Huyu hapa. Na mimi pia, ukinitazama vizuri."

Aliuweka mfuko mezani. Nikauchungulia: laptop ya Dada, ya kijivu, imezikwa kwenye mchele mpaka shingoni.

"Shemeji. Miezi saba imekaa humu?"

"Hapana, hapana. Mwezi mmoja tu mchelini. Miezi sita kabatini. Leo tumeirudisha mfukoni ili isigongeke njiani. Mama alisema mchele unavuta maji, tuwe na subira."

Niliitoa nikaitikisa. Ikalia kama kayamba.

"Hiyo sasa ni chakula," nikasema.

Alicheka, kisha akaacha kucheka, jambo ambalo kwake ni kama mtu mwingine kulia. Akaniambia wachapaji wa kitabu cha Dada wanazitaka picha zake kabla ya Ijumaa. Dada ni mwalimu wa wanafunzi viziwi. Kwa miaka minne alikuwa akipiga picha za mikono yake na ya wanafunzi wake, ishara moja moja za somo la sayansi: mvuke, mzizi, mapafu, mshipa, ishara ambazo nyingine walizitunga wao wenyewe darasani kwa sababu hazikuwapo. Picha mia tisa. Zote zilikuwa humo ndani na hazikuwa kwingine kokote.

"Amezunguka kwa mafundi wawili," Shemeji akasema. "Wa kwanza kasema itupeni. Wa pili kasema picha haziwezi kutolewa, hifadhi yake imelehemewa hapo hapo kwenye bodi, mpaka mashine yenyewe ifufuke. Akasema mji mzima anamjua fundi mmoja tu wa kufufua vitu kama hivi, msichana mmoja mkali, juu ya duka la magodoro. Nilicheka mpaka nikatolewa nje."

"Dada anajua umeileta?"

"Kanituma yeye." Akakuna kisogo. "Ila kasema uitengeneze, umwombe radhi, halafu Jumapili ijayo uje tule pamoja, yaishe. Na Mama anasema hivyo hivyo. Shemeji, neno lenyewe ni fupi. Mimi namwomba dada yako radhi kabla hata sijajua nimekosa nini, na ndoa ina miaka tisa."

Alipoondoka nilimsikia akishuka, kisha nikasikia jinsi chumba kinavyokuwa mtu akishaondoka.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumapili moja, miezi saba iliyopita, tulikuwa nyumbani kwa Dada, ambako Mama naye anaishi. Tulishakula. Dada alileta laptop mezani atuonyeshe picha mpya. Kikombe changu cha kahawa kilikuwa karibu, nikainua mkono kusimulia jambo, maana mimi siwezi kusimulia bila mikono, na kikombe kikaanguka. Kahawa ilitambaa mezani, ikaugusa ubavu wa laptop. Dada alipiga kelele, akaifunua, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Giza. Akabonyeza tena. Giza lile lile.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema samahani. Naapa neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Dada akaniwahi.

"Wewe huna mume, huna mtoto, huna hata kimoja kilicho chako. Utajuaje uchungu wa kitu cha mtu?"

Shemeji alitazama sahani. Mama alitazama mikono yake. Niliomba niifungue pale pale, nitoe betri, niioshe kabla haijachelewa. Dada akaipakata kama mtoto na kusema sitagusa tena kitu chake. Nikachukua mkoba wangu. Mama alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia, "Subira, Kitindamimba." Basi.

Radhi nilikuja kuiandika baadaye, kwenye simu, mara kumi na moja. Sijisifu, lakini ilikuwa radhi nzuri, imenyooka, haina sukari nyingi. Sikuituma kwa sababu kila nilipofika mwisho nilisikia lile la "huna hata kimoja". Lakini Jumamosi ile, mfuko wa mchele ukiwa mezani, niliifungua nikaisoma tena, nikasema sasa yatosha. Nitaifufua mashine, nitamkabidhi Dada mwenyewe, nitaisoma radhi yangu kwa sauti. Jumapili inayofuata nitakuwa na sahani.

Nikaanza kazi nikiimba.

Parafujo kumi. Kifuniko cha chini. Mchele ulimwagika mezani, punje nyingine zikiwa zimekwama kwenye feni. Kwanza nilitoa betri, maana ndiyo adui. Maji bila umeme hulowesha tu, maji yenye umeme huua. Kisha nikaitoa bodi nzima, nikaiweka chini ya hadubini, nikaenda moja kwa moja upande wa kulia, ambako kahawa yangu iliingilia.

Kulikuwa na doa la kahawia, jembamba, limekaukia ukingoni mwa plastiki. Halikufika kwenye bodi. Milimita nne zaidi na lingefika, lakini halikufika. Niliangalia mara mbili, nikafuta miwani yangu, nikaangalia tena. Upande wa kulia ulikuwa msafi kama siku ulipotoka kiwandani.

Nikausogeza mkono wa hadubini kushoto.

Kushoto kulikuwa na msitu. Kutu ya kijani imepanda juu ya shaba kuanzia bawaba ya kioo mpaka kwenye tundu la chaja, na katikati ya kijani kulikuwa na kitu cheupe. Nikakuza. Vilikuwa vijiwe vidogo vya mraba, vyenye pembe safi, vimepangana kama matofali. Kahawa haifanyi hivyo. Maziwa hayafanyi hivyo, wala soda. Nikafanya jambo ambalo chuoni wangeninyang'anya stashahada: nikalowesha ncha ya kidole, nikagusa, nikaramba.

Chumvi.

Nilikaa chini. Katika familia yetu yupo mtu mmoja tu anayeweka glasi ya maji ya chumvi mezani, na katika familia yetu ni mimi peke yangu ninayelijua hilo.

Mama, ambaye maisha yake yote aliwacheka vibogoyo, ana meno ya bandia. Safu nzima ya juu. Nilimpeleka mimi kwa daktari wa meno miaka minne iliyopita, siku ambayo wengine waliambiwa tumekwenda kununua vitambaa. Daktari alimpa vidonge vya kuyaloweka. Mama akasema chumvi ilikuwapo kabla ya daktari. Njiani tukirudi alinishika mkono kwa nguvu. "Hili litakufa na sisi wawili. Hata dada yako asijue. Hata yeye hasa." Kila siku baada ya chakula cha mchana, Dada na Shemeji wakiwa kazini, watoto shuleni, Mama huyatoa na kuyaacha glasini mpaka watu wanapokaribia kurudi. Kisha anayavaa na kutabasamu.

Kwa hiyo maji yale yalimwagika kabla. Yalimwagika mchana wa watu wote kutokuwapo, Mama akafuta juu, akafunga kifuniko, akasubiri yakauke. Jumapili kikombe changu kikaanguka, na Mama akapata pa kuficha.

Nilitazama mswaki wangu. Mafundi wote tunasafishia bodi kwa mswaki. Nikaushika, nikauchovya kwenye spiriti, nikaanza kusugua chumvi ya Mama, kwa hasira, kisha polepole, kwa sababu shaba iliyoliwa haihimili hasira ya mtu.

Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi yote. Jumapili asubuhi bodi ilikuwa safi lakini bado maiti. Nilipima kwa mita: umeme wa chaja, volti kumi na tisa, ulikuwa unaingia, unapita mlango wa kwanza, halafu mbele yake sifuri. Shoti. Mahali fulani kuna kitu kinaumeza wote. Nikamwaga spiriti kidogo juu ya bodi, nikaipa umeme mdogo, nikainama kutazama. Kilicho na shoti hupata moto, na juu yake spiriti hukauka kwanza. Dirisha la jirani lilikuwa wazi, vijiko vimeanza. Spiriti iling'aa kote, kisha doa dogo, dogo kuliko punje ya mchele, likakauka peke yake.

"Nimekuona," nikaiambia.

Niling'oa kapasita iliyokuwa hapo, kijipande cha kutunza umeme, kwa hewa ya moto, nikanyofoa nyingine kwenye bodi ya marehemu mmoja aliyekaa kwenye kiti cha wateja, nikailehemu. Njia mbili za shaba zilikuwa zimekatika. Nikaziunga kwa waya mwembamba kama unywele. Nikapima. Umeme ukapita. Nikaunganisha kioo, na kibodi ya nje kwa sababu ile ya ndani ilikuwa imekwisha, nikabonyeza.

Feni ikazunguka, ikatema punje moja ya mchele.

Ningependa kusema nililia. Nilicheka, kwa sauti, nikageuka kumwonyesha mtu, na hapakuwa na mtu.

Picha zote zilikuwapo. Mikono ya Dada, mikono midogo ya wanafunzi, mvuke, mzizi, mapafu. Nikazinakili mara mbili. Kisha nikatafuta ni kitu gani kilichohifadhiwa mwisho kabla mashine haijafa, maana nilitaka kuwa na hakika, nisimhukumu mtu kwa kuramba. Hakikuwa picha. Dada hakuwa ameigusa tangu Alhamisi. Kilikuwa mchezo wa karata, ule wa mtu mmoja, na saa yake ilikuwa Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini mchana.

Nikaufungua. Michezo iliyochezwa: 2,316. Ushindi: 204.

Nilikaa na namba hiyo muda mrefu. Nilidhani nyumba ile imejaa. Siku zote nilipoiwaza kutoka hapa niliiona imejaa, sahani na kelele na watoto, na Mama katikati kama malkia. Sikuwahi kuwaza mchana. Kumbe mchana kulikuwa na mwanamke asiye na meno, mbele ya laptop ya bintiye, akijipangia karata elfu mbili na mia tatu na kushindwa karibu zote. Angeniambia, ningempigia simu mchana. Nami mchana huwa sina wa kuongea naye.

Nikaufuta mchezo. Si picha wala kumbukumbu nyingine, mchezo tu na hesabu zake. Halafu nikaifungua ile radhi kwenye simu, ya kumi na moja. Nikaisoma mpaka mwisho. Ilikuwa nzuri kweli. Nikaifuta nayo.

Jumatatu jioni walikuja, Dada na Mama. Nilikuwa nimeziondoa bodi kwenye kiti cha pili.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Dada."

"Marahaba," wakaitikia, mmoja kwa sauti, mmoja chini chini. Mama alikaa. Dada alisimama mlangoni kama wateja wengine.

Nilibonyeza. Kioo kikawaka, nikafungua picha, nikasogea pembeni. Dada alikuja mezani, akapitisha moja, ya pili, ya ishirini. Alipofika kwenye mapafu, mikono miwili ya mtoto ikifunguka kama mbawa, akaweka kiganja mdomoni. Mabega yakamtikisika. Nilitaka kumshika. Nilikuwa umbali wa hatua moja, nikashindwa kujua hatua hiyo huanza na mguu gani.

"Zote?" akauliza.

"Zote. Zipo na humu." Nikampa kidude cha kuhifadhia. "Na ukirudi nyumbani weka kwingine tena. Kitu cha miaka minne hakikai mahali pamoja."

"Ahsante." Akafuta uso. Kisha, kwa sababu ni mwalimu na hawezi kuacha swali, akauliza: "Ni nini hasa kiliiua? Yule fundi wa kwanza alisema kaona chumvi. Kahawa ina chumvi?"

Mama alikuwa akitazama mswaki juu ya meza. Hakupepesa. Mkono wake ulipanda taratibu ukafika kwenye mdomo wa juu, ukakaa pale, kama mtu anayezuia kikohozi.

Nilikuwa nalo jibu zima. Nilikuwa na hadubini, na saa tisa na dakika arobaini. Neno moja na ningekaa Jumapili kwenye kiti changu cha zamani, na Mama angekaa kwenye chake akiwa amevuliwa mbele ya wajukuu.

"Maji," nikasema.

"Maji? Lakini wewe ulikuwa na kahawa."

"Kahawa ni maji, Dada. Andika maji."

Akanitazama, akaona kwamba sitoi zaidi. Akafunga laptop, akaipakata, lakini safari hii kwa mkono mmoja. "Haya. Umeifufua, sina neno. Nami siku ile nilisema vibaya, najua. Sasa na wewe sema lako, tufunge. Jumapili uje."

Nilimtazama Mama. Nilimpa nafasi, nilimpa nafasi ndefu, lori zima lilipita barabarani na kuishia. Ni yeye tu aliyeweza kusema. Alishusha mkono kutoka mdomoni. Akatabasamu, na yale meno yalikuwa yamepangika vizuri, meupe, hayana doa.

"Omba tu radhi, mwanangu," akasema. "Neno moja, yaishe. Subira huvuta heri."

Chini, mwenye duka la magodoro aliteremsha mlango wake wa chuma. Niliokota punje ya mchele iliyobaki mezani, nikaizungusha kati ya vidole.

"Mama, Jumapili kama kuna sahani yangu, nitakuja. Kama haipo, nitakula hapa. Mchana nitakupigia simu, kila siku, saa tisa, uwe na mtu wa kuongea naye."

Macho yake yalijaa maji. Maji ya kweli, safari hii.

"Na radhi?" Dada akauliza.

"Siombi."

"Hata neno moja?"

"Hata nusu. Siombi radhi, Dada. Leo siombi, Jumapili siombi, na mkinizika sijaomba, mjue sikusahau. Sikutaka."